Mla Ukoko

Watu wakija kwangu hapa Korogwe, wakishakunywa chai na kumaliza habari za mvua na mahindi, lazima mmoja wao ataulizia nishani ya kaka yangu. Naijua hiyo sauti. Huanza kwa kukohoa, halafu, "Mwalimu, tunasikia ile nishani iko kwako." Naingia chumbani, naitoa ndani ya kopo la maziwa ya unga, naileta. Wanaishika kwa vidole viwili, wanaigeuza, wanaipima kiganjani, na wengi husema neno lile lile: "Kumbe nyepesi!" Hapo hasira hunipanda. Nyepesi kwa nani? Lakini mgeni ni mgeni. Narudisha kopo mahali pake.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza imefikaje kwangu. Nishani ya afisa hukaa kwa mkewe au kwa wanawe, imetundikwa ukutani pamoja na picha. Hii kaka alinitia mkononi mwenyewe mchana mmoja kule Kwedizinga, hata kabla hajaizoea kifuani. Aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo, akafa kwa presha kitandani mwake, na katika miaka yote hiyo hakuniomba nimrudishie.

Sisi tulilelewa na shangazi. Mama yetu alifariki akijifungua mtoto ambaye naye hakukaa, na baba alikuwa mkata mkonge kwenye mashamba ya huku Korogwe, anakuja nyumbani kama mgeni, na kifurushi cha sukari kwapani. Naye hakuishi sana. Basi dada yake akatuchukua, kaka na mimi, akatuchanganya na mwanawe wa pekee, mumewe akiwa ameshakwenda zake na hajulikani alipo. Kaka alikuwa mkubwa, binamu yetu akamfuata, mimi kitinda mimba wa kuokotwa.

Shangazi alikuwa mwembamba, mkali, na sauti ndogo ambayo hakuwa na haja ya kuipaza. Sheria yake kubwa ilikuwa ya chungu. Akipakua chakula, wa kwanza alikuwa mtoto wa jirani kama yupo, na jirani zetu walikuwa na watoto wajanja, walijua saa ya ugali. Kisha mimi na kaka, kwa kuwa tulikuwa wa kaka yake, amana. Mwisho kabisa ndipo alipomkumbuka wa tumbo lake. Hapo chungu kilikuwa kimebaki na ukoko, anaukwangua kwa mwiko, anautia kwenye sahani ya bati pamoja na mchuzi uliogandamana pembeni, anamsogezea. Kila mama wa Kizigua atakuambia mtoto wa mwenzio kwanza, lakini wengi husema tu, halafu mnofu wanauficha chini ya kawa. Shangazi hakuficha. Nilimuuliza siku moja kwa nini anamwonea mwanawe. Akanijibu bila kugeuka, "Wa kwangu atanisamehe. Wa watu hatanisamehe."

Na wa kwake alimsamehe kweli, tena kwa vicheko. Alijipa jina mwenyewe, Mla Ukoko. Alikaa katikati yetu akiutafuna kwa kelele kama mtu anayetafuna mfupa, macho kayafumba, anaguna kwa utamu, mpaka sisi wenye ugali laini tukajiona tumepunjwa. Mimi nilikuwa nampa kipande changu cha samaki anigawie ukoko. Kaka, na ukubwa wake wote, naye alikuwa anampa. Ndivyo alivyokula vizuri kuliko sote, mpumbavu yule, na mama yake akijifanya haoni.

Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Mimi alinitangaza mke wake tangu niko darasa la kwanza. Nikibeba maji ananisimamisha njiani mbele za watu kunidai chakula cha mchana. Viatu vya kaka alikuwa akiviiba na kuvificha, naye kaka akijibu kwa kumwigiza anavyotembea: bega la kushoto limeinama, shingo imepinda, kwa sababu ya kuzoea kubeba mizigo upande mmoja. Wakati wa Operesheni, tulipohamishwa kutoka bondeni kuja kijiji kipya kando ya barabara, ndiye aliyebeba kinu cha mama yake. Alikibeba begani njia nzima akikibembeleza kama bibi harusi, "Vumilia mke wangu, ujamaa uko karibu," na watu waliokuwa wamenuna kwa kuacha migomba yao wakacheka bila kutaka.

Utani huo una kazi moja nzito, nayo ni ya msibani. Mtu akifa, mtani wake huvaa nguo zake, akapita mbele ya wafiwa anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, anaomba tumbaku kama marehemu, mpaka mama wa marehemu acheke. Asipocheka, kazi haijaisha. Wageni wa mbali huona ni ukosefu wa adabu. Sisi tunajua kwamba yule anayecheka ameshakubali kuwa mtu wake hayupo, kwa sababu huwezi kumcheka anayeigizwa ukiwa bado unamngoja mlangoni.

Kaka alisoma, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, akabaki jeshini, akapanda mpaka kuwa kapteni. Kijiji kizima kilimwita "afisa wetu" kana kwamba walichanga kumzaa. Binamu yetu yeye hakutaka kusikia habari za shule. Alibaki kuwa mpakiaji kwenye ghala la kijiji na mgambo wa kujionyesha, anapiga kwata na fimbo ya muhogo, wasichana wanamwangalia. Nduli alipovamia huko Kagera na mgambo wakaitwa, akaitwa naye. Kaka ndiye aliyefanya juu chini apangiwe kwenye kombania yake. Alifikiri anamsaidia shangazi.

Walipitia Korogwe kwa malori. Shangazi alitoka Kwedizinga alfajiri juu ya lori la mahindi, na karanga za kukaanga kwenye pindo la kanga. Mimi nilikuwa naye. Stendi ilijaa akina mama, kila mmoja anaita jina tofauti. Tulipowapata, shangazi hakulia. Alichukua mkono wa mwanawe akautia katika mkono wa kaka, kama wanavyofanya wakati wa kufunga ndoa.

"Nakukabidhi," alisema. "Wewe ndiye mkubwa."

"Shangazi, huyu nitamweka ubavuni mwangu," kaka akajibu. "Mkisikia hayupo, jueni na mimi sipo."

Binamu akadakia, "Mama nawe! Unanikabidhi kwa afisa? Huyu atakula nyama yote, mimi ataniachia ukoko." Hata wanawake tusiowajua walicheka. Lori likaondoka, yeye amesimama nyuma anapiga saluti ya kubabaisha, bega limeinama. Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Miezi iliyofuata tulikuwa watu wa redio. Ilikuwa moja tu, kwa mwenyekiti wa kijiji, na betri zake zilianikwa juani ili zipate nguvu. Tulichangia mahindi, waliokuwa na mbuzi wakatoa mbuzi. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa UPE, nimefundishwa ualimu harakaharaka kama wenzangu wote, na kila asubuhi niliwaimbisha watoto nyimbo za kumkomesha nduli. Niliimba kwa sauti kubwa kuliko wao.

Mwenyekiti alikuja saa ya mchana akiwa na wageni wawili. Walivua kofia wakiwa bado kule kwenye minazi ya shule. Shangazi alikuwa anachambua kunde. Aliwaona, akaweka ungo chini, akawangoja. Walipomaliza kusema, aliuliza jambo moja tu: "Na kaka yake?" Wakasema kaka yake ni mzima. "Basi," alisema, "aliyekabidhiwa atakuja kunieleza." Akaingia ndani, akatandika mkeka chini, akakaa.

Maiti haikuja. Askari walizikwa kulekule. Shehe wetu alisoma hitma, watu wakala, siku zikatimia, wazee wakaja kumwambia shangazi kwa upole kwamba sasa tuanue matanga, dini haipendi maombolezo yasiyo na mwisho. Akakataa. Alilala chini, kwenye mkeka. Hakupaka mafuta, hakuhudhuria harusi, na chakula alipika kidogo, akakwangua ukoko na kuuweka pembeni kwenye ile sahani ya bati mpaka kuku wakaumaliza. Wazee wakamwambia huko ni kukufuru. Akasema, "Nimewapa mtu akiwa anacheka. Mnanirudishia neno tupu. Nitaanua tanga nikisikia kwa aliyemwona."

Kisha ikaja habari nyingine, na hii kijiji kiliipokea kwa ngoma. Kaka ametunukiwa nishani ya ushujaa. Askari wake walijeruhiwa kwenye uwanda mtupu, akarudi kuwachukua chini ya risasi, akawabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine. Nilikimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani kumwambia shangazi. Nilikuwa na furaha, nasema ukweli, nilikuwa na furaha mbele ya mwanamke aliyekaa kwenye mkeka wa msiba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Aliowabeba ni wa nani?" aliuliza.

"Sijui, shangazi. Askari tu. Watoto wa watu."

"Watoto wa watu," akarudia. Akaangalia mikono yake. "Vizuri."

Sikuelewa. Yeye nadhani alielewa palepale, na akaishi na jambo hilo peke yake mpaka vita vikaisha.

Kaka aliporudi, wilaya ilimpokea Handeni kwa sherehe, maafisa kadhaa pamoja, ngoma ya selo ikichezwa mpaka vumbi likafunika jukwaa. Nilikwenda. Nilimwona kwa mbali amekaa na wenzake, kombati imenyooshwa, nishani inawaka kifuani. Watu walikuwa wanamwonyesha kwa vidole. Alikuwa amekonda na alikuwa akitazama buti zake. Nilipopata nafasi ya kumwamkia, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu, aliniuliza, "Amekwisha anua?"

"Anakungoja wewe."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Akasema atakuja.

Hapo ndipo wazee wetu walipofanya kosa, na ni kosa la kwetu hasa, la watu wanaopenda sana kuheshimu. Waliona ni busara kuunganisha mambo: afisa apokelewe kijijini na tanga lianuliwe siku hiyohiyo, gharama iwe moja, sukari yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni. Wakaazima meza ya shule na kiti cha mwalimu mkuu, wakatandika kitambaa cha maua. Na wakaamua kwamba utani kaka hataufanya. Itakuwaje mtu aliyepewa nishani avae shati la mpakiaji wa ghala na kuchezacheza mavumbini? Mwenyekiti alisema, "Afisa hachezewi wala hachezi." Wote wakaona kasema neno la maana. Kazi ya utani wakanipa mimi.

Mkeka ulitandikwa uani, shangazi akakaa na wanawake. Wanaume walijaa upande wa pili. Kaka alifika kwa gari la wilaya, akashuka, akaelekea moja kwa moja mkekani. Wazee wakamshika mkono kwa adabu nyingi, "Huku, afande, huku," wakamgeuza, wakamkalisha kwenye kiti. Alikaa. Nilimwona anavyotaka kusimama na asivyoweza, kwa kuwa kila alipoinuka mtu alidhani anataka maji, akamletea. Chakula kilipoanza kupita, sahani ya kwanza, iliyojaa nyama, iliwekwa mbele yake. Shangazi aliona. Kaka akaisukuma.

Nikaingia ndani kuvaa. Shati la binamu lilikuwa bado lina harufu ya ghala, vumbi la magunia na jasho. Nilizuia machozi, nikatoka na bega langu la kushoto nimeliinamisha. Watoto wakapiga yowe. Nikapita mbele ya wanawake, nikamdai mmoja chakula cha mchana, nikaibusu nguzo ya nyumba nikiiita mke wangu, nikapiga kwata na fimbo ya muhogo. Uwanja ukacheka. Wanaume walijipigapiga mapaja. Mzee mmoja aliyekuwa hajacheka tangu ahamishwe bondeni alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Shangazi hakucheka. Nikarudia saluti ya kwenye lori. Nikatafuna ukoko wa kuigiza kwa kelele. Aliniangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia mtoto anayejaribu kuinua ndoo kubwa.

"Mwanangu," alisema, "umefanya vizuri. Lakini wewe unamjua alivyoondoka. Hujui alivyofika." Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote, na watu wakanyamaza wapate kuisikia. "Anayejua mmemkalisha kwenye kiti."

Mwenyekiti akaanza kukohoa maneno ya kuweka mambo sawa. Kaka akainuka. Safari hii hakuna aliyemletea maji. Alitembea mpaka nilipokuwa, akaifungua nishani, pini ikamchoma, akanitia kiganjani. Akavua gwanda lake, akabaki na fulana. Akaninyooshea mkono. Nikavua lile shati nililokuwa nimevaa juu ya gauni langu, akalivaa. Lilimbana.

Kisha akaliinamisha bega.

Mimi nilikuwa nimemwigiza binamu yetu. Kaka alimleta. Sina namna nyingine ya kulisema. Alikuwa amemwigiza tangu utotoni, kila kiungo alikijua. Alianza kwenye lori, anawagawia wenzake karanga za mama yake na kuwadai ahsante. Alichimba handaki akilalamika kwamba hata panya wa Kwedizinga wanakaa pazuri zaidi. Alipika kwenye kofia ya chuma, akakwangua chini, akawaambia askari, "Hapa mmefika kwa bingwa." Uwanja ulicheka upya, wanawake wakacheka, na hatimaye nikamwona shangazi: midomo imetetemeka, imefunguka, akacheka. Alicheka kweli, mkono kinywani, machozi yanashuka. Kazi ilikuwa imekwisha. Kaka angeweza kukomea hapo na kila mtu angesema haya, tuanue.

Hakukoma. Aliendelea kutembea, sasa polepole, ameinama, mzigo begani, anasogeza nyasi kwa mkono. Bado alikuwa yeye yule, bado anabwabwaja chini ya pumzi. Ghafla akajikunja, akaanguka ubavu. Mtu mmoja nyuma alicheka bado, akadhani ni mchezo, kisha akajishika mdomo. Kaka alijivuta kwa kiwiko. Akashika tumbo. Akainua macho, akamtazama mtu aliyekuja kusimama juu yake, mtu ambaye sisi hatukumwona, na akatabasamu lile tabasamu la binamu yetu, la upande mmoja.

"Afande," alisema kwa sauti ya marehemu. "Anza na wale. Mimi mla ukoko, nitangoja."

Akaegemeza kichwa. Alingoja. Aligeuza shingo kutazama kule alikokwenda yule mtu, akaangalia juu, akalamba midomo, akageuza tena. Alingoja muda mrefu sana, na mara ya mwisho hakugeuza shingo. Mguu mmoja ulikuwa umekunjwa, mkono mmoja chini ya kifua, shavu kwenye mchanga.

Alipozungumza ilikuwa kwa sauti yake mwenyewe, bila kuinuka. "Niliporudi nilimkuta hivi, shangazi." Akapumua. "Walikuwa watatu. Wawili siwajui hata kwao. Yeye ndiye aliyekuwa karibu nami. Nilimruka. Nilisema watoto wa watu kwanza, wasije wakasema afisa kaokoa ndugu yake akawaacha wetu. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ningembeba yeye kwanza."

Nilihisi nishani inanikata kiganja kwa jinsi nilivyoibana. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Wazee walikuwa wanatazama chini, kila mmoja ghafla ana kitu cha kufuta kwenye kanzu yake.

Shangazi aliinuka kutoka mkekani. Wanawake walitaka kumshika, akawapangua. Alimwendea pale chini, akachutama. Akanyoosha ule mguu uliokunjwa. Akatoa mkono uliokuwa chini ya kifua, akaulaza vizuri. Akamfuta mchanga shavuni kwa kidole gumba. Halafu akavua kanga yake ya juu, akamfunika kutoka miguuni mpaka kidevuni, akakaa hapo kando yake, akalia. Hakuwa amelia mbele za watu tangu habari ilipokuja.

Alipotulia akamuuliza, "Mlimzika?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu. Nilimwelekeza kibla."

"Alikuwa na kitu tumboni? Alikuwa amekula?"

"Alikula asubuhi. Alikula ukoko. Aliutaka mwenyewe."

Akatikisa kichwa mara nyingi. "Mimi ndiye niliyekufundisha," alisema. "Nyumbani kwangu ulijifunza." Hakusema kwa ukali, na hakusema kwa msamaha. Alisema kama mtu anayetambua kitu chake kilichopotea mikononi mwa mtu mwingine. Kisha akageukia wazee, "Anueni tanga."

Mikeka ikakunjwa. Shehe akaomba dua. Watu wakarudi kwenye sahani zao kwa aibu, maana njaa haijui msiba. Shangazi akaenda mwenyewe jikoni, mara ya kwanza kushika chungu kikubwa tangu habari ile, akaanza kupakua kilichosalia. Aliwapa wageni wa wilaya. Akawapa wazee, wanawake wa mbali, jirani, watoto wa jirani. Akanipa mimi. Kaka alikuwa amerudi kukaa, lakini si kwenye kiti. Alikaa chini ukutani na lile shati linalombana, mikono juu ya magoti, na kila sahani ilipompita niliona watu wanapeana macho. Mwenyekiti alininong'oneza, "Amemnyima. Mbele za watu wote, amemnyima."

Chungu kilipokwisha nilisikia mwiko. Wale waliolelewa nyumba nyingine walisikia tu mwanamke anakwangua chungu. Kaka aliinua kichwa.

Shangazi alitoka na ile sahani ya bati, akapita mbele ya meza yenye kitambaa cha maua bila kuitazama, akainama, akaiweka katikati ya miguu ya kaka. Ukoko mtupu, na mchuzi uliogandamana pembeni. Wageni wakaguna. Walidhani ametukanwa, shujaa wa vita kupewa makombo ya chungu. Hawakujua kwamba katika nyumba ile hiyo ilikuwa sahani ya mtu mmoja tu, na kwamba kaka katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuandaliwa sahani hiyo, kwa sababu alikuwa amana, wa kaka yake shangazi, mtoto wa mtu.

"Kula, mwanangu," shangazi akamwambia.

Kaka aliutazama ukoko ule. Kisha akautia mdomoni, akautafuna, na ulikuwa mgumu, tuliusikia uwanja mzima.